Kamera ya Deira imenigomea usiku wa hina. Waranti yake inafika Tanga?

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Tanga, huu mwaka wa sita. Kazi zangu nyingi ni shughuli za wanawake watupu, usiku wa hina, singo na mengineyo ambayo mwanamume hakaribii hata mlango. Kwa sababu hiyo sikosi kazi, namshukuru Mungu.

Mwezi wa tatu mwaka huu mtoto wa mjomba wangu anayeishi Dubai alininunulia kamera Deira, mtaa wa maduka hukohuko Dubai. Ni DSLR, ile kamera ya kioo ndani na lenzi ya kubadilisha, na lenzi yake ya kuvuta ya 24-105 yenye f/4, vyote viwili dirhamu 7,900. Nilipiga hesabu nikaona nimeokoa karibu milioni moja na nusu, ukilinganisha na bei niliyotajiwa Dar. Ilikuja kwenye boksi lake, na ndani kuna kadi ya waranti ya mwaka mmoja, imegongwa muhuri wa duka.

Miezi mitano sikuwa na neno. Mwezi wa nane, usiku wa hina, bibi harusi ameketi, shangazi zake wanapokezana kumtunza, mimi nikavuta lenzi niupate uso wake. Kamera ikagoma. Ikaandika kwamba mawasiliano kati ya kamera na lenzi yana hitilafu, nisafishe vituo vya lenzi. Nikazima, nikachomoa betri, nikairudisha. Ikapiga picha mbili, ikagoma tena. Simu za wageni wote zilikuwa zimekusanywa mlangoni, ikabidi nimwombe ruhusa mama mwenye shughuli nimalizie na yangu. Picha zenyewe giza tupu.

Nyumbani nilisafisha vile vidoti vya dhahabu kwa spiriti ya vidonda. Ikapata nafuu siku mbili, kisha yaleyale. Ninachokiona ni kwamba nikiwa kwenye 24 hainisumbui sana, nikivuta kuelekea 105 ndipo inapogoma.

Nilisafiri hadi Dar kwa wakala wa kampuni ya kamera. Kijana wa kaunta akaitazama kadi akasema hiyo si ya kwao, nikitaka waifungue nilipie. Wale wa Deira siku ya kwanza walijibu WhatsApp kwamba niipeleke waione, tangu hapo ni tiki za buluu tu. Fundi mmoja Kariakoo anasema ni kitu kidogo, ataifungua kwa laki tatu na nusu na siku hiyohiyo nitaondoka nayo. Na mama wa bibi harusi anataka pesa yake yote, laki sita.

Je, nimpe fundi? Waranti ya Dubai ina maana yoyote mtu akiwa Tanga? Na huyu mama nimjibu nini? Nina harusi nyingine baada ya wiki nne.

Mpiga Picha wa Hina, Tanga

—

Marahaba mwanangu, na pole kwa usiku ule.

Yule fundi mwambie asubiri kwanza. Huenda anaijua kazi yake vizuri, na huenda mwishoni ukarudi kwake. Lakini bisibisi yake ikishagusa tu, mlango wa Deira umejifungia mwenyewe, na sijaona bado kwamba umefungwa.

Jambo kubwa kwenye barua yako umeliandika kama mtu anayepita njia: kwenye 24 hainisumbui, nikivuta kuelekea 105 inagoma. Hapo umenipa nusu ya jibu. Bodi, yaani mwili wa kamera bila lenzi, haina kiungo kinachosogea unapozungusha ile pete, kinachosogea ni lenzi. Ndani ya lenzi ya kuvuta kuna fleksi, utepe mwembamba wa plastiki wenye njia za umeme, unaounganisha saketi ya lenzi na kile kifaa cha apecha, yaani visu vidogo vinavyobana na kufungua tundu la mwanga. Kila unapovuta, utepe ule unakunjwa na kukunjuliwa. Siku moja njia moja inapata ufa. Lenzi ikiwa fupi ufa unagusana, umeme unapita. Ukiirefusha, ufa unaachana, na kamera inalalamika kwamba haisikii kitu. Ujumbe wa kusafisha vituo ni ule ambao kamera huutoa kila inapokosa jibu kutoka kwenye lenzi. Haina macho ya kuona ufa ulipo.

Hilo ni shuku langu, na shuku hupimwa. Weka kamera kwenye M, yaani unapanga kila kitu mwenyewe, apecha f/4, vuta hadi 105, piga picha kumi. Palepale kwenye 105 badilisha apecha iwe f/8, yaani tundu dogo zaidi, piga kumi nyingine. Halafu rudi 24 na f/8 hiyohiyo, piga kumi za mwisho. Kwenye DSLR lenzi hukaa wazi muda wote unapotazama, ikabana sekunde ileile ya kupiga. Ukiwa kwenye f/4, ambayo ndiyo wazi kabisa kwa lenzi yako, visu havina kazi ya kufanya. Kwa hiyo f/4 ikipita salama na f/8 ikagoma, ugonjwa uko kwenye apecha au kwenye utepe wake. Ikigoma 105 ikapona 24, utepe ndio mtuhumiwa wa kwanza. Ikigoma kila mahali bila mpango, rudi kwenye vituo, au huenda bodi nayo ina lake.

Kipimo cha pili ni kubadilishana. Azima lenzi ya mwenzako yeyote anayetumia kamera za kampuni hiyohiyo, uitumie kwenye bodi yako siku nzima. Kisha lenzi yako ikae kwenye bodi yake. Hitilafu itamfuata mwenyewe. Watu wanatoa nauli ya Tanga hadi Dar kwa jambo ambalo lingekwisha kwa kuazimana lenzi barazani.

Ukiwa unapima, mtu akurekodi kwa simu. Video ianze na namba ya utambulisho ya lenzi, ile iliyochapwa kwenye mwili wake, iendelee bila kukatwa mpaka kamera inapoandika kosa. Dakika mbili zinatosha. Nitakuambia mbele ina kazi gani.

Sasa spiriti. Spiriti ya vidonda ina maji ndani yake, na nyingine huongezwa vitu vya kulainisha ngozi. Ukiipaka kwenye vituo inaacha utando. Tumia kitambaa kikavu kisicho na vumbi, na ikilazimu tone moja la alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, tena kwenye kitambaa, usilidondoshe kwenye lenzi. Najua wapo wanaosugua kwa kifutio cha penseli. Dhahabu ile ni nyembamba mno, kila ukisugua unaiondoa kidogo, na chini yake kuna chuma kinachosubiri hewa ya bahari ya Tanga. Na kwa vile unaishi pwani, mulika tochi ya simu nyuma ya lenzi huku unachungulia kwa mbele. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Kutu ya kijani kwenye vituo nayo ni alama mbaya. Viwili hivi, pamoja na mchanga na maji, waranti za kamera huviweka upande wa mwenye mali. Ni heri uvione wewe kabla hawajaviona wao.

Tuje kwenye kadi. Watu wengi wanaamini waranti inazaliwa na kamera na kuifuata popote, kama kivuli. Ingekuwa hivyo kijana wa Dar asingekurudisha. Naye hakukudanganya, ingawa angeweza kukueleza vizuri zaidi. Kampuni za kamera zinauza kwa kanda. Wakala wa nchi hii hulipwa kutengeneza mzigo uliopitia njia rasmi ya nchi hii. Mzigo mwingine akiutengeneza bure, gharama ni yake.

Ila kwako kuna kitu ambacho mtu aliyenunua Tokyo au New York hana. Ofisi za kanda za Canon, Nikon na Sony ziko Dubai, na kanda yao mara nyingi inataja Mashariki ya Kati pamoja na Afrika. Kwa hiyo chukua kadi, washa taa, soma maandishi madogo. Kwanza tazama nani ametoa ahadi. Ina jina na nembo ya kampuni iliyotengeneza kamera, au ni jina la duka tu? Maduka mengi ya Deira hutoa waranti yao wenyewe, na hiyo haina nguvu hatua moja nje ya mlango wao. Kisha tafuta eneo: Umoja wa Falme za Kiarabu pekee, au Mashariki ya Kati na Afrika? Halafu tazama namba. Bodi ina yake na lenzi ina yake. Kadi nyingine huandikwa ya bodi pekee, lenzi ikawa kama mgeni asiyealikwa. Zilinganishe na boksi pia, maana kuna wauzaji wanaovunja seti, bodi ikaenda huku na lenzi kule, kisha wanaunganisha mabaki na kuuza kama kitu kimoja.

Ukimaliza, iandikie barua pepe ofisi ya kanda ya kampuni hiyo. Weka namba zote mbili, tarehe ya kununua, picha ya risiti, na swali moja: bidhaa hii ilitengenezwa kwa soko gani, na waranti yake inahudumiwa wapi? Kampuni ikiiona namba hujua mzigo ulitoka kiwandani ukielekea wapi. Wakikujibu kwamba Afrika imo, chapisha barua hiyo urudi nayo kwa wakala Dar, umwombe meneja, si kijana wa kaunta. Wakisema ni Emirati peke yake, basi lenzi itasafiri. Wakisema mzigo ulikuwa wa soko jingine kabisa na Deira ulifika kwa njia za pembeni, umebaki na duka.

Na duka usiliachie. Tume yetu ya Ushindani haiwezi kumwita muuzaji wa Deira mezani, lakini huko kwao kuna sheria. Emirati wana sheria ya kumlinda mtumiaji, Namba 15 ya mwaka 2020, na inamtaka muuzaji wa bidhaa mbovu aitengeneze, aibadilishe au arudishe fedha. Dubai malalamiko hupokelewa mtandaoni na idara ya ulinzi wa watumiaji iliyo chini ya Idara ya Uchumi na Utalii. Risiti ina jina la mtoto wa mjomba wako, naye yuko hukohuko, anaweza kutembea hadi dukani. Hiyo ni bahati ambayo wengi wanaoniandikia hawana. Mpe kila kitu: risiti, kadi, ile video. Aende mwenyewe asubuhi, duka halijajaa wateja. Aongee kwa heshima, aoneshe video, aombe jibu la maandishi lenye tarehe. Ujumbe auandike kwa Kiingereza au Kiarabu, maneno yenyewe yawe kama haya:

“Tulinunua kwenu kamera na lenzi hii tarehe fulani, risiti namba fulani. Lenzi ina hitilafu inayoonekana kwenye video. Haijaanguka, haijaingia maji, haijafunguliwa na fundi yeyote. Tunaomba itengenezwe au ibadilishwe chini ya waranti ya mwaka mmoja. Tunaomba jibu lenu kwa maandishi ndani ya siku saba, ili tusilazimike kuwasilisha malalamiko kwa idara ya ulinzi wa watumiaji.”

Sentensi ya haijafunguliwa na fundi yeyote ndiyo iliyonifanya nimzuie mtu wako wa Kariakoo. Usidhani hawatajua. Skrubu za kamera za Kijapani zinafanana na zile za nyota tunazozijua, lakini mchongo wake una kiwango chake. Bisibisi ya kawaida inapanda na kuukwangua pembeni, na mtu wa kituo cha huduma akitupa jicho moja tu ameshajua. Mimi mwenyewe niliharibu mbili hivyo ujanani kabla sijaambiwa.

Nikuambie na faida ya kupima kwanza. Hitilafu ikithibitika kuwa ya lenzi, husafirishi kamera. Unasafirisha lenzi tu, haina betri, inaenea kwenye soksi mbili nene ndani ya kopo. Msafiri yeyote unayemwamini ataibeba kwenye begi la mkononi. Kabla haijaondoka, aioneshe kwa watu wa forodha uwanjani, namba iandikwe na apewe karatasi, ili ikirudi isihesabiwe kama mali mpya. Na kama duka litakubali kukubadilishia, namba itakuwa nyingine na karatasi ile haitasaidia. Mtoto wa mjomba adai barua ya duka inayosema namba hii imechukua nafasi ya ile, bila malipo. Ikiwa bodi ndiyo mbovu na lazima isafiri, betri za akiba zisiingie kwenye sanduku la chini ya ndege. Za lithiamu hukaa na abiria, ncha zake zimefunikwa.

Na ikishindikana yote? Duka likakataa, kampuni ikakataa, idara ikachelewa? Hapo ndipo urudi kwa fundi, bila aibu. Kubadilisha fleksi ya 24-105 ni kazi inayofanyika. Muulize ameshaifanya mara ngapi kwa lenzi hiyo hiyo, spea anaitoa wapi, na kama f/8 kwenye 105 itapimwa mbele yako kabla hujalipa. Akikujibu kwamba atajua akishafungua, chukua lenzi yako uondoke.

Wengine mnaoletewa kamera na ndugu wa London, msinichoshe na barua nyingine, ninawajibu hapahapa. Uingereza wana Sheria ya Haki za Mtumiaji ya 2015. Ndani ya siku 30 mnunuzi anaweza kurudisha kitu kibovu na kudai pesa yake. Hitilafu ikitokea ndani ya miezi sita huhesabiwa ilikuwapo tangu siku ya kununua, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Nchi za Umoja wa Ulaya zina dhamana ya kisheria ya miaka 2 isiyopungua. Lakini haki hizo zinadaiwa kwa muuzaji wa huko, na risiti ya huko, kwa hiyo ndugu asiitupe risiti kwenye pipa la uwanja wa ndege. Na mliotumiwa kutoka Japani kwa bei ya kuchekesha, washeni kwanza muone kama lugha inabadilika. Kamera nyingine za soko la ndani la Japani hazina lugha nyingine kwenye menyu.

Sasa mama wa bibi harusi. Hapa sitakubembeleza. Yeye hakununua kwa Deira, alinunua kwako. Wewe kwake ndiye duka la Deira, basi usimwachie tiki za buluu. Nenda nyumbani kwake, usipige simu. Mpelekee picha zote zilizotoka kabla kamera haijagoma, zile za simu mtafutie mtu wa kuzisafisha kwenye kompyuta, na mkononi uwe na laki nne. Laki mbili zilizobaki ni za kazi uliyoifanya, na mwambie hivyo waziwazi. Akizidai nazo, zitoe. Kazi yako inategemea wanawake waliokaa chumba kile, nao walitoa simu zao mlangoni wakiamini kwamba kuna mtu mmoja ndani mwenye kamera nzima. Bibi harusi akikubali kuvaa tena na kupakwa hina mchana mmoja, mpige bure. Haitakuwa usiku ule, lakini mikono itakuwa yake.

Kuhusu wiki nne zijazo, ikiwa bodi imepimwa na ni nzima, tafuta lenzi ya 50 yenye f/1.8. Mara nyingi ni miongoni mwa za bei nafuu dukani, haina cha kuvuta kwa hiyo haina utepe wa kukunjika kwa kuvutwa, na f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara nne kuliko f/4 yako. Chumba cha hina chenye balbu mbili ndiko nyumbani kwake. Utatembea badala ya kuvuta, basi. Na kamera ya zamani, kama hujaiuza, iwe kwenye begi imechajiwa. Ikiwa umeiuza, kodi ya mwenzako kwa siku hiyo na gharama uiweke kwenye bei ya mteja.

Niandikie matokeo ya zile picha kumi kumi. Nataka sana kujua f/4 kwenye 105 ilisema nini.

Mzee wa Chumba cha Giza